KAZI ZA MIKONO NYUMBANI: Mkanda wa kitambaa unaopendeza pande zote mbili

Mwezi uliopita tuliongea habari za viraka vya magotini. Mwezi huu tunapanda juu kidogo, tunafika kiunoni. Tunataka kuongea habari za mkanda, ambao wengine wetu tuliotoka ng'ambo ya ziwa tumezoea kuuita mukaba.

Tuanze na jambo lililotupata darasani, maana ndilo lililotufanya tuandike.

Katika darasa la tano tunalofundisha kuna kijana mmoja, jina lake tunaliacha. Kwenye daftari hesabu zake ni safi kabisa, lakini tukimwita ubaoni anasema, "Sijui, mwalimu." Leo sijui, kesho sijui. Sisi tukaona ni kiburi. Tukamsema mbele ya wenzake, na kazi ya ubaoni tukamwandikia sifuri. Wiki ya tatu bibi yake akaja shuleni. Alitusalimu vizuri, akakaa, akapumzika kidogo, halafu akasema: "Mwalimu, hesabu mtoto anaijua. Suruali ndiyo inamshinda."

Kumbe suruali aliyopata kwenye mgao wa nguo ilikuwa ya mtu mzima. Alikuwa anaifunga kwa kamba, ile ile ya kufungia kuni, na juu yake anashusha shati ili isionekane. Sasa ukienda ubaoni lazima uinue mkono. Ukiinua mkono shati linapanda, kamba inaonekana, darasa zima linacheka. Mtoto akapiga hesabu yake mwenyewe: heri sifuri kuliko kuchekwa.

Tulimwomba msamaha yeye na bibi yake. Lakini msamaha haushiki suruali. Ndipo tukaanza kazi ya mkanda.

MKANDA WA KWANZA ULITUSHINDA

Ile mikanda ya bei rahisi inayouzwa sokoni, mingi siyo ngozi. Ni plastiki iliyobandikwa juu ya kitu laini, na mtoto akiivaa kila siku inapasuka kwenye matundu. Kwa hiyo tukasema tutashona wa kitambaa. Tulichukua kipande cha kitenge, tukakikunja, tukakishona, tukaweka pete mbili mwanzoni. Kwa macho ulikuwa mzuri. Baada ya siku chache ukajisokota ukawa kama kamba, yaani tulimtoa mtoto kwenye kamba tukamrudisha kwenye kamba!

Na kosa la pili lilikuwa baya zaidi. Upande wa ndani tuliuacha na nyuzi zake na mishono ya ovyo, tukijua nani atauona, si umelala tumboni? Hatukujua kwamba mkanda wa pete mbili hauna siri. Hebu jaribuni wenyewe na kipande cha utepe. Ncha inapita ndani ya pete zote mbili, halafu inageuka, inapita juu ya pete moja na chini ya nyingine, ndipo inakaza. Ile ncha ikishageuka, upande uliokuwa ndani ndio unaotazama watu, tena mbele kabisa, chini ya kitovu! Watoto wakaona zile nyuzi wakasema mkanda umetoka matumbo. Yule kijana akarudi kusema "sijui".

Basi tukaenda kwa mama mmoja mshonaji, mwenye cherehani chini ya mti, akatufundisha upya. Yafuatayo ni yale aliyotufundisha, pamoja na yale tuliyojifunza kwa kukosea.

VIFAA

- Kitambaa cha upande wa kwanza, kwa mfano bluu ya sare ya shule.
- Kitambaa cha upande wa pili, kwa mfano kitenge (liputa).
- Mguu wa suruali ya zamani ya jinzi, wa kuweka katikati. Mguu mmoja wa mtu mzima unatoa vipande kama kumi.
- Pete mbili za chuma zinazolingana. Zipo kwenye mikoba na mabegi yaliyochakaa. Pete kubwa za funguo nazo zinafaa.
- Uzi imara, sindano, mkasi, rula na pasi ya mkaa.

Kwa kile cha katikati, jinzi ndiyo nzuri kuliko vyote. Tulijaribu mfuko wa unga wa plastiki, lakini unafumuka kwenye kingo, na pasi ikiugusa unayeyuka. Turubai pia linayeyuka, na tena linatoboka kila sindano inapopita na kuchanika hapo hapo. Tunawaomba sana, msikate turubai la paa wala chandarua kwa ajili ya mkanda. Mvua na mbu hawataki kujua mtoto amependeza.

KUPIMA NA KUKATA

Kwanza fueni vitambaa vyote na kuvianika kivulini. Kitenge kipya kina wanga na kinaweza kuruka, na jinzi inaweza kutoa rangi. Ni bora viruke na kutoa rangi kabla ya kushonwa kuliko baadaye.

Pimeni kiuno cha mtoto juu ya suruali, si tumboni moja kwa moja. Ongezeni sentimita 30. Kiuno kikiwa 60, mkanda uwe 90. Hiyo ziada ni ya kushika pete, ya ncha, na ya kumsubiri mtoto akue. Huu ndio uzuri wa pete: mkanda hauna matundu, kwa hiyo mwaka ujao bado unamfaa.

Kabla ya kukata, vuteni kitambaa kwa mikono. Mkikivuta kwa urefu wake, sambamba na ukingo wa kiwandani, hakinyooki sana. Mkikivuta kwa mshazari kinanyooka kama mpira. Kateni kwa urefu. Mkanda wetu wa kwanza tuliukata kwa mshazari kwa sababu ya kubana kitambaa, na hiyo ni sababu mojawapo ya kujisokota.

Vipande viwe hivi, kwa mkanda wa upana wa sentimita 3:

- Bluu: upana sentimita 5, urefu 92.
- Kitenge: upana sentimita 5, urefu 92.
- Jinzi: upana sentimita 2 na nusu, urefu 84.

Jinzi ikiwa fupi, ungeni vipande viwili kwa kuvikutanisha mwisho kwa mwisho. Visipandane, maana vikipandana vinafanya nundu. Na kiungo kisikae nyuma katikati ya mgongo, mtoto ataegemea hapo siku nzima.

KUSHONA

1. Lazeni kitenge kifudifudi. Wekeni jinzi katikati yake. Mwanzoni acheni sentimita 7 bila jinzi, hapo ndipo tutakunja kushika pete. Kunjeni kingo za kitenge sentimita 1 kila upande zilalie juu ya jinzi. Pigeni bandi kwa hatua ndefu ndefu ili isihame, halafu pigeni pasi.

2. Kile kipande cha bluu nacho kikunjeni sentimita 1 kila upande, pigeni pasi.

3. Kunjeni ncha zote ndani sentimita 1. Ncha moja mnaweza kuichonga iwe kama ulimi, na jinzi yake mwichonge vile vile.

4. Sasa kutanisheni vipande viwili, migongo iangaliane. Kingo zote mbichi zimefungiwa ndani, na nje kila upande ni uso. Hakuna haja ya kushona mfereji na kuupindua kwa kijiti. Sisi tulihangaika na kijiti nusu siku na kitambaa kikatoboka.

5. Shoneni kuzunguka mkanda wote, milimita 2 au 3 kutoka ukingoni. Halafu pigeni mistari miwili zaidi katikati, kutoka mwanzo hadi mwisho. Mistari hii siyo mapambo tu. Ndiyo inayoshika jinzi na vitambaa viwe kitu kimoja, usisokoteke tena.

KWA CHEREHANI AU KWA MKONO

Mwenye cherehani aweke sindano namba 16, maana ukingoni kuna matabaka matano. Uzi wa juu uwe rangi ya kitambaa cha juu, na uzi wa bobini uwe rangi ya kitambaa cha chini. Jaribuni kwanza kwenye kipande cha bure. Mkiona uzi wa juu unavutwa chini na kufanya vitanzi upande wa pili, kazeni kidogo uzi wa juu. Hapo pande zote mbili mshono utafanana.

Wengi wetu cherehani hatuna, na hakuna ubaya. Lakini msishone kwa ile njia ya kurudi nyuma kila hatua. Ni imara, ila inapendeza upande mmoja tu, upande wa pili nyuzi zinapandana. Shoneni bandi ndogo ndogo za kwenda mbele, juu na chini, mpaka mwisho. Halafu chukueni uzi wa pili, mrudi kwenye matundu yale yale, mkijaza nafasi zilizoachwa. Ukimaliza, huku na huku ni mstari mmoja usiokatika. Na uzi mmoja ukikatika, wa pili bado unashika. Piteni uzi kwenye mshumaa kwanza, utateleza vizuri na hautafanya fundo.

PETE

Ile sehemu tuliyoacha bila jinzi ipitisheni kwenye pete zote mbili, ikunjeni, ishoneni mraba, na ndani ya mraba msalaba, kama ulivyo mshono wa mikono ya begi la shule. Hapa matabaka ni mengi. Gongeni kwa jiwe au nyundo, kwa kitambaa juu, mpaka palainike. Kwenye cherehani zungusheni gurudumu kwa mkono, vinginevyo sindano inakatika. Mkanda unaanza kuharibikia hapa, kwa hiyo hapa msifanye haraka.

Mwisho, jaribuni. Mmoja ashike pete, mwingine ashike ncha, mvute kwa nguvu. Angalieni mraba. Kama uzi unaonekana ukicheka, rudieni.

JAMBO TULILOJIFUNZA

Yule bibi aliposikia tunashona mkanda wa pili, alituletea kipande cha liputa. Kilikuwa kimepauka kidogo. Alisema kimebaki kwenye nguo aliyovuka nayo ziwa, hakutaka kukitupa na hakujua cha kukifanyia. Tukakiweka upande wa ndani, bluu ikawa nje, kwa sababu ya sare. Lakini mnakumbuka tulivyosema: ncha ikigeuka, cha ndani kinatoka nje. Kwa hiyo mtoto amevaa bluu kiuno kizima, na mbele kinaning'inia kipande cha liputa ya bibi yake, kama kidole kimoja hivi. Jumapili anageuza mkanda, liputa inakuwa nje yote. Kama shule yenu haitaki rangi nyingine, wekeni bluu pande zote mbili.

Siku ya kwanza hatukumwita ubaoni. Tulimwacha. Siku ya tatu alinyoosha mkono mwenyewe, akaenda, akaandika. Shati lilipanda kama kawaida, na mmoja wa waliokuwa wanacheka alimuuliza mkanda huo kanunua wapi. Sasa anakwenda mara kwa mara. Hesabu nyingine anapata, nyingine anakosa kama wenzake, na akikosa tunamsahihisha. Ile sifuri tuliifuta.

Sisi walimu tumejiwekea sheria ndogo: mtoto akisema "sijui" mara tatu, kabla ya kumsema tunamwita pembeni tumuulize kuna shida gani. Nanyi wazazi, watoto wetu wanaficha mengi chini ya shati ili wasituongezee mzigo. Akianza kukataa shule, au kukaa nyuma, msianze na fimbo. Mtazameni kwanza kuanzia miguuni hadi kichwani.

Anayetaka kuona mkanda wenyewe, aje darasani baada ya masomo, auguse na kuugeuza. Na aliye na jinzi iliyochanika magotini asiitupe. Magoti yameisha, lakini huenda chini ya magoti kuna mikanda ya watoto wengi.

Mwezi ujao, Mungu akipenda, tutaongea kuhusu kushona mfuko wa daftari. Mbaki na amani.