Anayemuuguza Mzazi Naye Ana Haki ya Kupumzika



Ijumaa ya leo, wakati waumini wa Nachingwea, Ruangwa na vijiji vyao wakielekea misikitini, wamo watu ambao hawataonekana, wala hakuna atakayeuliza wako wapi. Hao ni wanaouguza majumbani. Yuko binti anayemgeuza mama yake aliyepooza kwa kiharusi kila baada ya saa chache, asije akapata vidonda vya kulalia. Yuko mke ambaye mumewe hawezi tena kushika kijiko. Yuko mjukuu aliyeachishwa masomo ili amwongoze babu asiyeona. Katika nchi ya Wamwera, ambako ukoo tangu zamani ulifuatwa kwa upande wa mama na mara nyingi mume ndiye aliyehamia ukweni, mzigo huu humwangukia binti karibu bila kujadiliwa. Ndugu zake wa kiume wamekwenda Dar es Salaam, naye amebaki.

Tunaomba wasomaji watazame msimu unavyomkuta mtu huyo. Ufuta ukishakauka huchanua maganda yake na kumwaga mbegu, haumngoji mtu. Korosho nazo, kuanzia Oktoba, huanguka kila siku, na isiyookotwa na kuanikwa mapema ikinyeshewa hupoteza ubora na kushushwa daraja ghalani. Jirani anapopeleka magunia yake katika chama cha msingi kungoja mnada wa RUNALI, mwuguzaji ameokota kile tu alichoweza kuokota mgonjwa alipokuwa amelala. Kwa hiyo hupungukiwa mara mbili: mwili umechoka, na fedha za dawa za mgonjwa yule yule hazipo.

Dini yetu haikuitazama kazi hii kuwa ndogo. Siku ya Badr, Sayyidna Uthman (R.A.) hakuwapo vitani, kwa kuwa alibaki Madina akimuuguza mkewe Ruqayya, binti wa Mtume. Bukhari amepokea kwamba Mtume (S.A.W.) alimhesabia ujira na fungu la mtu aliyehudhuria Badr. Tena amepokea kwamba Ibn Umar alipata habari ya ugonjwa wa Said bin Zaid siku ya Ijumaa, akapanda mnyama wake kumwendea, na Ijumaa yenyewe akaiacha. Kutokana na hayo na mfano wake, wanazuoni wa madhehebu yetu ya Shafii wamehesabu kumuuguza mgonjwa asiye na mtu mwingine wa kumwangalia kuwa ni udhuru wa kuacha swala ya Ijumaa. Basi yule ambaye safu yake iko wazi leo asinung'unikiwe.

Lakini kusifiwa hakumpumzishi mtu. Wako wanaodhani kwamba mtoto akiomba aachiwe siku mbili alale au aende shamba, amepungukiwa na wema kwa mzazi wake. Dhana hiyo hatukubaliani nayo. Salman (R.A.) alipomkuta Abu Dardaa amezama katika saumu na swala za usiku hata mkewe amesahauliwa, alimkumbusha kwamba Mola ana haki, nafsi ina haki na watu wa nyumbani wana haki, na kila mwenye haki apewe haki yake. Mtume (S.A.W.) alipoelezwa, akasema Salman amesema kweli. Ikiwa ibada ya usiku, pamoja na ukubwa wake, haikuruhusiwa kula haki ya mwili, vipi tumwambie binti aliyekaa miaka minne bila usiku mmoja kamili wa usingizi kwamba kuchoka kwake ni ukosefu wa imani? Aidha, amri ya kuwatendea wema wazazi katika Sura Bani Israil, aya ya 23 na 24, haikumhusu mtoto aliyebaki nyumbani peke yake. Imewahusu wote, na yule wa Dar es Salaam yumo.

Na sisi watu wa jirani tumo. Tumezoea kwenda kumzuru mgonjwa, na ni sunna kubwa, ila namna tunavyoifanya wakati mwingine inamwongezea kazi aliyechoka. Tunakwenda watu sita, tunatandikiwa mkeka, tunapikiwa chai, tunasema pole, tunaondoka na kumwachia vyombo. Mgonjwa huyo akifariki, tutakesha pale siku tatu, tutachanga mchele na kuni, na vijana watateka maji bila kuambiwa. Nguvu hiyo tunayo basi, na tunaiweka hadi mtu afe! Mtume (S.A.W.) aliagiza watu wa Jaafar bin Abi Talib wapikiwe chakula kwa kuwa limewafika la kuwashughulisha. Nyumba yenye mgonjwa wa kitandani inashughulishwa kila siku ya mwaka.

Nini kifanyike? Kwanza ukoo ukae. Mjomba, ambaye kwa desturi ya huku neno lake husikilizwa katika mambo ya ndoa na misiba, aitishe kikao kabla msimu haujaanza, na zamu zipangwe kwa majina na tarehe. Aliye mbali asiyeweza kuja atoe fedha ya kumlipa mtu wa kijijini akae na mgonjwa siku kadhaa kwa juma, au alipe vibarua wa kuokota korosho ili binti apumzike. Simu ya kuuliza hali haitoshi kuwa zamu yake.

Anayepokea zamu afundishwe. Hapa familia nyingi hushindwa, kisha husema mgonjwa hataki mtu mwingine. Mgonjwa wa kiharusi hulishwa akiwa ameketishwa, kwa tonge ndogo, kwani akilishwa amelala hupaliwa na chakula kikaweza kuingia njia ya hewa. Ajue kumgeuza, kukagua kisigino na nyonga kama ngozi imekuwa nyekundu, na saa za dawa ziandikwe katika karatasi ibandikwe ukutani. Aanze kwa saa mbili mwenyeji akiwapo, ndipo aachiwe siku nzima. Wahudumu wa afya ngazi ya jamii, ambao Serikali ilizindua mpango wao mpya Januari 2024, hawawekwi kukaa na mgonjwa mchana kutwa, lakini waombwe kufundisha haya. Kuhusu sitara, mwanamume aogeshwe na mkewe au na wanaume wenzake, na mwanamke na wanawake au mumewe. Ikiwa hakuna kabisa, dharura inaruhusu kwa kiasi kinachohitajika, nguo ikiwa juu ya mwili.

Wapo wanaotuuliza kuhusu makazi ya wazee ya Serikali. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 iliyafanya makazi hayo kuwa njia ya mwisho, kwa wazee wasio na wa kuwatunza, na familia ikabaki kuwa mtunzaji wa kwanza. Si mahali pa kumpeleka mama kwa wiki mbili za mavuno. Hata hivyo Afisa Ustawi wa Jamii wa halmashauri afahamishwe, hasa pale ambapo mtoto ameachishwa shule kwa ajili ya kuuguza.

Misikiti yetu nayo ina la kufanya zaidi ya dua. Wanahistoria, Tabari akiwa miongoni mwao, wameandika kwamba Khalifa Walid bin Abdul-Malik aliamuru kila kiwete apewe mtumishi na kila kipofu apewe wa kumwongoza. Ilikuwa fedha ya umma. Sisi hatuna hazina ya Damascus, lakini tuna mikorosho. Wanawake wa darsa wanaweza kupeana zamu za nusu siku katika nyumba tatu au nne za mtaa wao, na malipo ya wale wanaokaa usiku yakatoka katika wakfu. Tahadhari iwepo: shamba lililowekwa wakfu kwa ajili ya taa na mikeka ya msikiti haligeuzwi matumizi kwa sababu tu kamati imependa, kwa kuwa sharti la mwenye kuwakfu hulindwa. Njia iliyo salama ni wakfu mpya. Mwenye mikorosho kumi asiyoihitaji, aandike mbele ya mashahidi kwamba mazao yake ni ya kuwapumzisha wanaouguza katika kijiji fulani, ataje nani atasimamia na hesabu zitasomwa lini, na aandike hayo sasa, kabla ya mnada wa kwanza.