Maneno na Asili Yake: Dengue

Neno tulitazamalo mwezi huu limo katika vitabu vya matabibu wa Kiingereza, nao huliandika dengue. Sisi twasema homa ya dengi. Ndiyo homa iliyowashika watu wengi mjini Dar es Salaam mwaka 2014, tena mwaka 2019. Alisikiaye jina hilo hudhani ni la kigeni kabisa. Kumbe wako wataalamu wasemao kwamba lilitoka pwani yetu wenyewe, likasafiri mbali, ndipo likaturudia limevaa nguo za wageni.

Aliyelichunguza jambo hili ni James Christie, tabibu Mzungu aliyekaa Unguja. Mwaka 1870 aliona homa iliyowaangusha watu kwa ghafula, ikawauma viungo mpaka wasiweze kwenda. Wenyeji waliiita kidinga pepo. Tena wazee walikumbuka kwamba homa ya namna hiyo, kwa jina lilo hilo, ilikwisha kufika mwaka 1823. Kidinga ni ule mkazo umshikao mtu ghafula. Na pepo ndiye waliyedhani amemshika.

Miaka ya 1827 na 1828 homa kama hiyo ilienea katika visiwa vya Karibi, ng'ambo ya bahari, walikokuwa watumwa wengi waliotolewa Afrika. Christie alidhani jina lilikwenda pamoja na watu. Wenye kusema Kihispania walilisikia kama neno lao dengue, maana yake maringo. Katika visiwa vya Waingereza iliitwa homa ya dandi, yaani ya kijana mtanashati, kwa kuwa mgonjwa alikwenda amekaza mwili kama mtu wa madaha. Wako wataalamu washikao kwamba asili ni Kihispania tu, nao hawajapatana na wenzao. Lakini tazameni: maumivu yale yale, mmoja ayaita pepo, mwingine maringo.

Hata miaka ya 1952 na 1953 homa ya viungo ilitokea Newala, katika nchi ya Wamakonde, upande wetu huu wa kusini. Wamakonde hawakutaja pepo wala madaha. Walitaja walichokiona kwa macho: mgonjwa amejikunja kwa maumivu. Wakaiita chikungunya, na jina hilo la Kimakonde sasa limo katika vitabu vya matabibu wa dunia nzima. Baadaye wataalamu walipozisoma tena habari za kale, wengine waliona kwamba homa ile ya Unguja yafanana zaidi na chikungunya kuliko na hii iitwayo dengi leo. Basi yamkini jina la ugonjwa mmoja limekwenda kukaa juu ya ugonjwa mwingine.

Malaria nayo ni vivyo hivyo. Kwa Kiitaliano maana yake ni hewa mbaya, kwa maana watu wa kale walidhani hewa ya mabwawa ndiyo iletayo homa. Mwaka 1897 Ronald Ross alivikuta vijidudu vya malaria ndani ya mbu, lakini jina halikubadilika.

Kwa nini twawaeleza haya? Kwa sababu jina laweza kuua. Mtoto akishikwa na homa, mama husema, "Ni malaria," akampa vidonge vilivyobaki mwaka jana. Naye huenda ana homa nyingine. Au jirani husema, "Ni pepo," na siku tatu zapotea kwa mganga. Sisi Wakristu hatukani kwamba pepo wabaya wako. Lakini Mathayo, katika sura ya 4, huwataja wagonjwa mbali na wenye pepo. Na Yoshua bin Sira, katika sura ya 38, atufundisha kumheshimu tabibu, kwa kuwa Mungu ndiye aliyemweka.

Basi, wazazi, mtoto akipata homa apelekwe kupimwa damu upesi. Kwetu Maposeni hospitali ya Peramiho i karibu, na hakuna udhuru. Kama hamjajua ni homa gani, msimpe aspirini, kwa maana mwenye dengi huweza kutoka damu, na aspirini huzidisha hatari hiyo. Akitapika bila kukoma, au tumbo likimuuma sana, au fizi zikitoka damu, msingoje kupambazuke. Dengi haina dawa yake maalumu. Lakini mgonjwa akitunzwa mapema na kunyweshwa maji ya kutosha, wengi hupona.

Tena jueni kwamba mbu wa dengi na wa chikungunya huuma mchana, wala chandarua cha usiku peke yake hakitoshi. Ni mweusi mwenye madoa meupe miguuni, naye hutaga katika maji yaliyotuama penye watu: mtungi usiofunikwa, pipa, kopo, tairi kuukuu. Walimu, wapelekeni watoto uani Jumamosi moja wavimwage vyombo hivyo, kisha waandikeni ubaoni maneno matatu, dengi, chikungunya, malaria, na asili ya kila moja. Mtoto ajuaye kwamba homa zina majina mengi hatakubali kwa wepesi kuambiwa kwamba zote ni moja.