Nguvu za miguu si kinga ya ugonjwa wa mlimani

Msomaji, kama umewahi kupita Kaplong, pale barabara ya Kericho inapokutana na ile ya Bomet, unajua kwamba sisi wa huku tuna majivuno ya miinuko. Tumezaliwa karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Akina mama huchuma chai mitelemkoni wakiwa na vikapu mgongoni, na vijana hukimbia kilomita kadhaa kabla ya kiamsha kinywa. Basi tukisikia habari za Mlima Kenya, tunadhani ni mchezo.

Mpwa wangu, mkimbiaji hodari, alidhani hivyo pia. Alijiunga na safari ya siku tatu kwa njia ya Naro Moru. Usiku wa kwanza alilala Met Station, mita 3,050. Wa pili alikuwa kambi ya Mackinder's, mita 4,200. Huko kichwa kilimgonga, akatapika, na wenzake wakamwambia akaze roho. Bahati nzuri mwongozaji mmoja alimteremsha usiku huohuo. Asubuhi alikuwa akinywa chai.

Hakuwa mwoga. Karibu na Point Lenana, mita 4,985, kila pumzi huingiza karibu nusu tu ya oksijeni ipatikanayo pwani. Mwili huhitaji siku kadhaa kuzoea hali hiyo, na mazoezi hayapunguzi siku hizo. Kuishi nyanda za juu husaidia kidogo tu. Tena mwenye mbio yumo hatarini zaidi, kwa kuwa miguu humfikisha juu kabla damu yake haijawa tayari.

Wataalamu hushauri kwamba ukishapita mita 3,000, usiongeze zaidi ya mita 500 kati ya kitanda cha usiku mmoja na cha usiku unaofuata, na upumzike siku moja kila baada ya siku tatu au nne. Sasa piga hesabu: Met Station hadi Mackinder's ni mita 1,150 kwa siku moja! Njia ya Sirimon hupanda taratibu zaidi, lakini hata huko, kutoka Old Moses, mita 3,300, hadi Shipton's, mita 4,200, ni mita 900. Kwa hiyo lala Old Moses siku mbili. Mchana panda kidogo, jioni urudi chini kulala.

Kwa nini basi watu hukimbilia safari ya siku tatu? Jibu ni mfuko. Ada ya hifadhi huongezeka kadiri siku zinavyoongezeka, na mpagazi na mwongozaji nao hulipwa kwa siku. Anayejali afya yake ndiye anayetozwa zaidi. Maoni yangu ni kwamba Shirika la Wanyamapori (KWS) liondoe ada ya siku moja ya mapumziko kwa kila mpandaji. Siku hiyo ni kinga, si anasa.

Wewe nawe ujue dalili: kuumwa kichwa, kichefuchefu, kukosa usingizi na hamu ya chakula. Ukiziona, usipande tena hadi ziishe, zikizidi, teremka. Mtu akipepesuka kama mlevi, akichanganyikiwa, au akihema hata alipoketi, ubongo wake huenda umevimba au mapafu yanajaa maji. Mteremsheni mara moja, hata kama ni usiku wa manane. Dawa ya asetazolamidi husaidia mwili kuzoea, lakini muulize daktari kwanza, hasa kama dawa za salfa hukudhuru. Mwenye selimundu asipande bila idhini yake.

Wahenga walisema mpanda ngazi hushuka. Mlimani, anayekubali kushuka mapema ndiye atakayepanda tena mwaka ujao.