Comic-Con ni ya wachoraji kwanza

Mkutano wa Comic-Con wa San Diego, Marekani, ulianza mwaka 1970 na wapenzi wa vitabu vya katuni wapatao 300. Leo huvuta watu zaidi ya 130,000, lakini habari zake nyingi hutoka ukumbi mmoja, Hall H, ambako kampuni za filamu hutambulisha nyota wao mbele ya umati ambao baadhi yake umekesha nje kwenye foleni. Heshima hiyo imekwenda pasipostahili. Julai 2023, waandishi na waigizaji wa Hollywood walipogoma, Marvel Studios na wenzao hawakupanda jukwaani; mkutano ukajaa vilevile.

Atasema mtu kwamba tiketi zilikuwa zimeshanunuliwa. Kweli, ila tiketi hizo huisha miezi kadhaa kabla ya ratiba kutangazwa. Mnunuzi hamlipii nyota bila kujua kama atakuja. Analipia kukutana na wenzake na mchoraji aliyeketi nyuma ya meza yake. Kwamba filamu zimeupa mkutano umaarufu, sikatai. Lakini mashujaa wanaonadiwa Hall H walizaliwa kwa kalamu na karatasi, na inauma kuona warithi wa kazi hiyo wakisahaulika. Waandaaji wawape jukwaa kuu, tena saa za watu wengi.