Ijue faili yako kabla ya kukata picha

Leo nataka tuzungumze kuhusu jambo ambalo wengi hudhani ni la mafundi wa video pekee, kumbe linamhusu kila mwenye simu ya kupiga picha.

Mwaka jana tulimzika nyanya mmoja wa ukoo wetu kule Njoro. Miezi michache kabla ya kutuaga, aliketi uani kwake akawasimulia wajukuu jinsi walivyohamia Bonde la Ufa, majina ya wazee waliotangulia, na nani ana undugu na nani. Mpwa wangu, mwanafunzi anayeishi mtaa wa Section 58 hapa Nakuru, aliyanasa yote kwa simu. Jamaa wakaomba dakika 20 tu zionyeshwe siku ya mazishi.

Jioni ya mkesha, kijana alitia picha hizo katika programu ya kuhariri, akakata alipotaka, kisha akaamuru kazi itolewe. Kompyuta ikamwambia angoje saa tano. Saa nane za usiku stima ikapotea. Asubuhi tulienda Njoro mikono mitupu, na baadhi ya wazee waliosafiri kutoka mbali hawajaisikia sauti ile hadi leo. Wahenga walisema majuto ni mjukuu, na safari hii mjukuu mwenyewe ndiye aliyejuta.

"Mjomba, kompyuta yangu ni dhaifu," aliniambia. La hasha! Kompyuta ilitwikwa mzigo ambao haukuwa wa lazima.

Hebu tufanye hesabu. Simu nyingi hunasa picha 30 kila sekunde. Dakika 20 ni picha 36,000. Programu ya kuhariri inapotoa kazi, kwa kawaida hufungua kila moja ya picha hizo, huipanga upya na kuibana tena. Hiyo ndiyo mafundi huita kurenda. Mpwa wangu hakuwa ameongeza maandishi, wala muziki, wala kubadilisha rangi. Alitaka kukata tu. Sasa kulikuwa na haja gani ya kuchora upya picha 36,000 ambazo tayari zilikuwa zimechorwa?

Tena kila kurenda kunapunguza ubora kidogo. Wazazi wanaosoma ukurasa huu wanakumbuka kanda za VHS za harusi: nakala ya nakala ilikuwa na ukungu, nyuso hazitambulikani. Picha za siku hizi nazo hupoteza ubora zikibanwa mara kwa mara.

Dawa ni nini? Kwanza, jua kilicho ndani ya faili. Herufi MP4 au MOV mwishoni mwa jina ni gunia tu. Ukiona gunia sokoni Molo, huwezi kuapa kwamba ndani mna viazi; huenda ni mahindi. Vivyo hivyo, ndani ya MP4 mnaweza kuwa na H.264, mtindo wa kubana picha uliotolewa mwaka 2003, au H.265 wa mwaka 2013. Huu wa pili huokoa nafasi nyingi, lakini huipa kompyuta kazi nzito zaidi. Programu ya bure iitwayo MediaInfo itakufungulia gunia uone.

Pili, kama kazi ni kukata na kuunganisha tu, tumia programu inayonakili picha jinsi zilivyo. LosslessCut ni mojawapo, nayo ni ya bure. Ila kuna sharti. Fikiria katibu wa chama: mkutano wa kwanza anaandika majina ya wanachama wote, mikutano inayofuata anaandika mabadiliko tu. Ukitaka kujua wanachama wa mkutano wa tano, sharti uanzie orodha kamili. Simu nayo huhifadhi picha kamili mara moja moja, na kati yake huandika mabadiliko. Kwa hiyo kipande chako lazima kianzie penye picha kamili, hata kama ni sekunde moja kabla ya pale ulipotaka. Na ukiunganisha vipande, viwe vimetoka katika kamera moja iliyopangwa namna moja.

Tatu, ikiwa lazima uhariri kikamilifu, kama vile harusi yenye majina na nyimbo, linganisha mradi na faili zako tangu mwanzo: ukubwa ule ule, kasi ile ile. Kamera nyingi za video zilizouzwa kwetu zilifuata picha 25 kwa sekunde, kasi ya televisheni ya Kenya, ilhali simu hupenda 30. Ukichanganya, programu italazimika kubadilisha mojawapo. Afadhali wapiga picha wapatane kabla bibi harusi hajafika. Mwenye iPhone anaweza kuingia sehemu ya mipangilio ya kamera na kuchagua H.264 badala ya H.265.

Nne, kompyuta ikikwama wakati wa kuhariri, geuza faili ziwe ProRes au DNxHR, mitindo ambayo kila picha ni kamili. Lakini tayarisha nafasi: saa moja ya ProRes 422 ya ukubwa wa 1080 kwa picha 25 hula takriban GB 55. Asiye na nafasi aiombe programu imtengenezee nakala ndogo za kuhariria, halafu mwishoni irudie faili za asili.

Na usikubali kupokea picha za kazi kama video ya kawaida ya WhatsApp, kwa maana huwa zimebanwa tena. Mwambie mwenzako azitume kama hati.

Wiki mbili baada ya mazishi, mpwa wangu alirudia kazi ile kwa njia ya kunakili. Haikufika dakika mbili. Alinitazama, akainamisha kichwa, asiseme neno.

Basi msomaji, kama una sauti ya mzee wako katika simu, ihifadhi mahali pawili leo hii, na ujifunze kuikata kabla haijahitajika. Tukutane Jumapili ijayo, Mungu akipenda.