AFYA YA FAMILIA: Usiache Sindano kwa Kuwa Umepata Nafuu



Leo tuzungumze juu ya ugonjwa uitwao multipo sklerosisi. Huonekana zaidi Ulaya na Marekani Kaskazini kuliko kwetu Afrika, lakini na kwetu upo. Huwapata wanawake kuliko wanaume, na mara nyingi huanza kati ya miaka 20 na 40, wakati mama bado ana watoto wadogo. Kinga ya mwili, iliyowekwa ipigane na vijidudu, hugeuka na kushambulia ganda linalofunika mishipa ya fahamu katika ubongo na uti wa mgongo. Jicho hufifia, miguu hufa ganzi au kukosa nguvu.

Kwa wagonjwa wengi, mwanzoni maradhi haya huja na kuondoka. Baada ya majuma kadhaa jicho huona tena, miguu hutembea. Dada humshukuru Mungu, na ni vema. Lakini hapo hapo wapo watakaomwambia, "Umepona. Kuendelea na dawa ni kukosa imani." Naye huacha sindano zake. Hiyo ni hatari.

Mojawapo ya sindano hizo ni intaferoni beta. Intaferoni ni kitu ambacho mwili wenyewe hukitengeneza. Iligunduliwa London mwaka 1957. Mwaka 1993 Marekani iliikubali intaferoni beta kutibu ugonjwa huu, na kwa kuwa ilikuwa chache, wagonjwa walipigiwa kura ili wajulikane wa kuanza. Dawa hii haiponyi, wala hairudishi nguvu zilizopotea. Hupunguza mashambulizi yajayo kwa karibu theluthi moja. Basi kazi yake inafanyika hasa siku zile unapojiona mzima.

Aina moja huchomwa katika msuli mara moja kwa juma. Nyingine chini ya ngozi, kila baada ya siku moja. Miezi ya kwanza huweza kuleta homa, baridi na maumivu ya mwili, kama mafua makali. Wengi huchoma jioni kabla ya kulala, na kumeza parasetamoli kwa ushauri wa daktari. Badili mahali pa kuchoma, paja leo, tumbo kesho kutwa. Damu ipimwe mara kwa mara, kwa ajili ya ini na chembe nyeupe. Ukilemewa na huzuni isiyoondoka, mwambie daktari upesi. Ukitaka kupata mtoto, muulize mapema. Usiiache kwa siri.

Siku hizi ziko dawa nyingine, baadhi zenye nguvu zaidi. Kama hii imekushinda, daktari aweza kukubadilishia.

Nanyi wa nyumbani, usiku wa sindano mwacheni mama apumzike. Baba au watoto wakubwa wapike. Akina mama wa kanisa, ombeni naye, lakini msimwondolee dawa. Luka aliyefuatana na Paulo alikuwa tabibu, na Paulo hakumwona kuwa mtu asiye na imani. Maombi na sindano havigombani.

Bwana awatie nguvu.