Kubeti Marekani: Kauli Ibaki kwa Majimbo

Barabara kuu ya I-35 huanzia Laredo, Texas, mpakani na Mexico, na kuishia Duluth, Minnesota. Ni njia ya malori, na kwenye usukani wamo Wakenya, Watanzania na Wakongo. Tumchukue dereva mmoja mwenye programu ya kubeti ya FanDuel au DraftKings kwenye simu. Texas inamkatalia. Oklahoma nako inamkatalia. Akiingia Kansas inafunguka, Missouri inafunguka tangu Desemba 1, 2025, na Iowa vilevile. Akikanyaga Minnesota inajifunga. Simu inajua alipo, na sheria inayomhusu ni ya pale alipoegesha lori, hata kama nyumbani kwake ni kwingine.

Mwishoni mwa 2025, dereva huyohuyo akiwa na programu ya Kalshi angeweka pesa kwenye mechi ileile katika majimbo yote sita bila kufungiwa hata mara moja. Tena Kansas, Missouri na Iowa zinataka mwenye kubeti awe ametimiza miaka 21, ilhali Kalshi inapokea wa miaka 18.

Hakuna wananchi waliopigia kura tofauti hiyo, wala bunge la jimbo lililoipitisha. Chanzo chake ni leseni. Kampuni za kawaida hukata leseni jimbo kwa jimbo. Kalshi inayo moja tu, iliyoipata 2020 kutoka CFTC, tume ya serikali kuu inayosimamia biashara ya mikataba ya bei za mahindi, mafuta na dhahabu. Kwa leseni hiyo inauza mikataba ya "ndiyo" na "hapana". Tuseme ushindi wa timu fulani unauzwa senti 62. Ukinunua na timu ikashinda, unalipwa dola 1. Ikifungwa, senti zako 62 zimekwenda. Aliye upande wa pili ni mtu mwingine aliyeweka pesa yake kama wewe, na kampuni inachukua ada. Januari 2025 ilianza kuuza mikataba ya michezo, na tangu hapo inashikilia mahakamani kwamba majimbo hayana la kusema juu yake.

Sisi tunasema yanalo. Anayeweka pesa kwenye matokeo ya mechi anabeti, na jimbo lina haki ya kuamua kama jambo hilo lifanyike kwake, nani alifanye na kwa masharti gani.

Mwaka 1992 Bunge la Marekani lilipiga marufuku majimbo karibu yote kuruhusu kubeti michezo. Mei 14, 2018 Mahakama ya Juu iliitupa sheria hiyo katika kesi iliyotoka New Jersey. Ilisema Bunge likitaka linaweza kusimamia jambo hili lenyewe, lakini lisipofanya hivyo kila jimbo lina uhuru wa kujiamulia. Majimbo yakajiamulia. Yaliyoruhusu sasa ni 39 pamoja na Washington DC, ingawa si yote yanayoruhusu kubeti kwa simu. Utah na Hawaii hazitaki kamari hata kidogo. Florida imeacha kubeti kwa simu mikononi mwa kabila la Seminole. New York imeruhusu na inakata asilimia 51 ya mapato ya kampuni. Mtu anaweza kuona ramani hiyo ni vurugu. Kwetu ni kazi ya watu waliokaa, wakabishana na kuamua.

California ndiyo inayoonyesha ubaya wa jambo hili waziwazi. Novemba 2022 wapiga kura waliulizwa, katika pendekezo namba 27, kama kubeti michezo kwa simu kuruhusiwe. Kampuni zilimwaga mamilioni ya dola kwenye kampeni, na bado zaidi ya asilimia 80 ya wapiga kura walikataa. Leo kijana wa miaka 18 akiwa Fresno ananunua mkataba wa mechi ya Lakers kitandani kwake. Nani alimruhusu? Waliopiga kura hawakumruhusu. Makabila ya wenyeji yenye kasino za halali jimboni humo hayakukubali pia. Julai 2025 matatu kati yake yaliishtaki Kalshi.

Mahakama zenyewe zimegawanyika. New Jersey, Aprili 2025, jaji aliikinga Kalshi dhidi ya jimbo. Maryland, Agosti, jaji mwingine akaikatalia. Nevada, jaji aliyeipa kinga Aprili aliiondoa mwenyewe Novemba. Massachusetts iliipeleka mahakamani Septemba. Kampuni kubwa za kubeti zilitazama upepo zikachagua upande: Desemba 2025 FanDuel na DraftKings zilifungua programu zao za mikataba ya ubashiri, na mikataba ya michezo zikaielekeza kwenye majimbo ambako programu zao za kawaida haziruhusiwi.

Soko la namna hii lina mazuri yake. Katika kubeti kwa kawaida, kampuni ndiyo inayopoteza ukishinda, kwa hiyo anayeshinda mara kwa mara hupunguziwa dau mpaka anaachiwa kuweka vijisenti. Katika soko la kubetiana wenyewe kwa wenyewe, mshindi hamsumbui mwenye soko, na bei huwa ya haki zaidi. Betfair imekuwa ikiendesha soko kama hilo Uingereza tangu 2000. Na Marekani wapo waliojaribu kulileta kwa njia halali. Mwaka 2022 Prophet Exchange na Sporttrade zilianza New Jersey kwa leseni ya jimbo, zikitoza na kulipa kama jimbo linavyotaka.

Kilichozikwaza ni sheria ya 1961 iitwayo Wire Act, inayokataza beti za michezo kupita mpaka wa jimbo kwa njia ya mawasiliano. Soko linataka wanunuzi na wauzaji wengi. Mtu wa Newark anayetaka kuuza hawezi kukutanishwa na mtu wa Denver anayetaka kununua, hata kama majimbo yao yote mawili yameruhusu. Wachache wanaobaki kila upande wanapeana bei mbaya, na wateja wanaondoka. Basi aliyepitia leseni za majimbo amebanwa kwenye jimbo mojamoja, na aliyepitia leseni ya mahindi anauza nchi nzima. Hapo Bunge lina kazi ya kufanya: lirekebishe sheria hiyo ili majimbo yaliyokubaliana yaunganishe masoko yao. Wacheza poka mtandaoni tayari wanakaa meza moja kutoka New Jersey, Michigan na Nevada chini ya mkataba wa majimbo, kwa kuwa mahakama ya rufaa ya Boston ilisema 2021 kwamba Wire Act inahusu beti za michezo tu.

Kuna jambo moja lisilongoja Bunge. Mtu wa Ohio aliyechoka kupoteza mshahara anaweza kujiandikisha kwenye orodha ya kujizuia kwa mwaka 1, miaka 5 au maisha yake yote. Kila kampuni ya kubeti yenye leseni ya jimbo hilo lazima imkatae. Anayeandika jina lake pale huwa ameshahangaika, na mara nyingi ni mkewe au dada yake aliyemsindikiza. Orodha hiyo haiifungi kampuni yenye leseni ya CFTC. Usiku wa mechi anapakua programu nyingine, anathibitisha jina lake lilelile, na anapokewa.

CFTC inao uwezo wa kulizuia hilo. Sheria ya 2010 iliipa mamlaka ya kukataa mikataba inayohusu kamari, vita na ugaidi inapokwenda kinyume na maslahi ya umma, na kanuni yake yenyewe, namba 40.11, inakataza mikataba ya kamari kuorodheshwa. Mpaka Bunge litakapoamua, iitumie kanuni hiyo kwa mikataba ya michezo, au angalau iilazimishe kila kampuni yenye leseni yake kufuata umri wa jimbo alipo mteja na kuheshimu orodha za waliojizuia.